Mluzi wa Stesheni ya Mpanda

Nianze na miguu, maana wengi wenu mnaokuja kuniuliza habari za kuongoza matembezi ya mizuka mnadhani kazi hii ni ya mdomo. Ni ya visigino. Kiongozi anatembea kinyumenyume, uso kwa wageni, mgongo kwa giza, na lazima ajue kwa visigino kila jiwe, kila mtaro na kila kamba ya mbuzi. Mwaka wangu wa kwanza Mji Mkongwe, kule Unguja, nilikuwa nasimulia habari za bibi harusi aliyetoweka ghorofani, sauti imenikaa vizuri, wageni kumi na mmoja wananitazama kama watoto, nikarudi hatua moja nikaingia kwenye mtaro wa maji machafu mpaka magotini. Sikunyamaza hata kidogo. Niliendelea kusimulia nikiwa humo humo, na wageni wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wawili walipiga makofi. Hicho ni kipaji, na kipaji hakifundishwi chuoni, ingawa mimi chuo nimepita.

Nimepita, tena niliseme mapema ili tusisumbuane. Nina diploma ya utalii, imekaa kwenye fremu sebuleni kwangu, mtaa wa Nsemulwa hapa Mpanda, na fremu ni ya mninga. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliondoka Mpanda kijana mwenye suruali mbili, nikaosha sahani kwenye hoteli, nikabeba mabegi, nikajifunza Kiingereza kwa kusikiliza wageni wakigombana na wake zao, kisha nikasoma jioni mpaka karatasi ikapatikana. Niliporudi nyumbani baada ya miaka mingi, nilikuwa mtu wa kwanza Katavi nzima kuanzisha matembezi ya jioni ya mizuka. Wa kwanza. Kama kuna mwingine, aje tukae mezani.

Watu walicheka. Bi Zuhura, mama wa Kimanyema mwenye duka karibu na stesheni, ambaye baadaye alikuwa akiwapikia chai wageni wangu mwisho wa matembezi, aliniuliza mbele ya wateja wake, "Kwa hiyo Diploma, watu wakulipe uwatishe?"

"Ndiyo, Bi Zuhura. Huko duniani ni biashara kubwa."

"Mimi naogopa bure kila siku nikifungua duka. Kumbe nilikuwa nakula hasara."

Tangu siku ile mji mzima ukaniita Diploma. Alidhani ananitania. Mimi nilifurahi.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi. Usianze matembezi giza likiwa limeshaingia. Anza mwanga ukiwa unaondoka, saa kumi na mbili na nusu hivi, ili wageni waone giza likiwafikia wao wenyewe. Hesabu watu kwa viatu, siyo kwa vichwa, kwa sababu jioni vichwa vinajificha nyuma ya vichwa. Kila kituo kiwe na ukuta nyuma yako, maana sauti bila ukuta inakwenda zake. Tochi ielekee chini, na wewe ndiye mwenye tochi peke yako. Mgeni mlevi mpe kazi, mshikishe mfuko, atanyooka. Mbwa akitokea usimfukuze, mpe jina, sema ni wa marehemu, umeshapata kituo kingine bila gharama. Na jambo moja kubwa: mgeni asikusahihishe mbele ya wenzake. Akikusahihisha mara moja, kundi limekuponyoka, utabaki unaongoza viatu tu. Kanuni hii niliitunga mwenyewe na niliishika zaidi ya zote. Mtaona ilinifikisha wapi.

Yupo mzee aliyenifundisha kule Unguja. Tumwite Maalim, maana wote tulimwita hivyo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, na kila jioni aliniudhi kwa kuchelewesha kundi. Kabla ya kusimulia habari za nyumba yoyote, alibisha hodi kwanza. Kila jioni, nyumba zile zile, anabisha hodi, anaamkia, anauliza hali, anaomba ruhusa kusema habari za babu yao. Wageni wamesimama uchochoroni wanapigana na mbu.

Siku moja nikamwambia, "Maalim, si jana tu walikubali?"

"Jana walikubali ya jana."

"Lakini hii ni hadithi tu."

Akanitazama kama mtu anayetazama samaki wa siku mbili. "Wewe mbara una haraka. Ukimtaja maiti, ujue jamaa zake wanakaa wapi, uende ukawaamkie. Na usiseme yupo. Sema, wanasema yupo. Usijitie wewe katikati."

Nilimheshimu Maalim, lakini hakuwa na cheti hata kimoja. Nilijiambia hayo ni mambo ya kizamani.

Basi nikarudi Mpanda na tatizo langu likawa moja: mizuka hakuna. Mji wetu si wa masultani. Ulikuja na mgodi na reli, mgodi ukafungwa, reli ikabaki, watu wakaendelea na mahindi na mpunga. Ukimuuliza mtu wa Kakese, hapo pembeni ya mji, kwao kuna mzuka gani, hakuelezi hadithi. Anakuuliza nani kafa. Kwetu huku marehemu anayezunguka si burudani ya mtu. Ni dalili kwamba kuna kitu hakikumalizwa, msiba ulikatika njiani, na ndugu zake wanaona aibu kusema. Nilizunguka wiki mbili na daftari, sikupata hata ukurasa mmoja, nikahitimisha, kwa kalamu nyekundu, kwamba Mpanda haina historia. Nikamwambia hivyo hata dada yangu Veronika, mkubwa wangu kwa miaka minane, ambaye tulikuwa tunakaa naye mtaa mmoja. Alikuwa anatwanga karanga. Alisema, "Haya," akaendelea kutwanga.

Kwa hiyo nikatunga. Nilitunga vizuri, siwezi kukataa. Nilitunga mwanga kwenye ghala la zamani la mgodi, nikatunga mama anayefua kwenye nyumba isiyo na paa. Lakini kazi yangu bora ilikuwa ya stesheni, kituo cha mwisho. Huyo nilimwita Mtu wa Taa. Mfanyakazi wa reli wa zamani, koti refu, kandili mkononi, anatembea kando ya reli jioni akisubiri treni ya mizigo isiyofika. Mkono wa kushoto una vidole viwili tu. Vidole hivyo nilivipata siku moja nikipiga pasi shati: mzuka bila alama wageni hawamkumbuki, ni kama duka lisilo na kibao. Na mwisho kabisa, kundi likiwa kimya, nilipiga mluzi. Mluzi huo nilikuwa nao tangu utotoni. Marehemu baba yangu, aliyefanya kazi hapo hapo stesheni, alikuwa akiupiga anaporudi nyumbani, tukajua ni yeye. Unapanda mara mbili, unakaa, halafu unashuka. Jioni, kwenye jukwaa tupu, ulitosha kumfanya mtu mzima amshike mwenzake mkono.

Biashara ikaenda. Walimu wapya, manesi waliohamishiwa, wafanyabiashara wanaosubiri treni, wageni wachache kutoka hifadhi ya Katavi waliochoka kutazama viboko. Nilikuwa na shati jeupe kila jioni.

Jioni moja miaka kama kumi iliyopita, nikihesabu viatu, nikakuta jozi ya kandambili za bluu nisizozitegemea. Mwenye kandambili alikuwa mama wa makamo ya juu, kitenge kimefungwa vizuri, rozari shingoni, blanketi jipya kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama. Umetoka wapi?"

"Marahaba baba. Natoka Mamba. Naitwa Leokadia."

Mamba ni mbali, huko Mpimbwe kwenye mpunga, unapita hifadhi nzima. Nilijisikia vizuri sana. Nikawatangazia wengine kwamba sifa za matembezi haya zimeshavuka hifadhi. Mama Leokadia alihamisha mfuko wake mkono wa pili. Alitembea nyuma ya kundi, hakuogopa ghalani, hakuogopa kwenye nyumba isiyo na paa. Alikuwa kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitali.

Tukafika stesheni. Nikasimulia Mtu wa Taa kama kawaida, koti, kandili, vidole. Nikapiga mluzi.

Mama Leokadia akapita katikati ya watu, akaja mbele, karibu yangu kabisa. Hakupaza sauti.

"Baba, umesema vidole viwili?"

"Viwili, mama. Mkono wa kushoto."

"Nestori alikuwa navyo vyote alipoondoka nyumbani."

Sikujua Nestori ni nani. Lakini watu kumi na watano walikuwa wananitazama, na ile kanuni yangu mnaikumbuka. Nikasema, "Alivipoteza hapa, mama. Behewa lilimbana."

Akashika mdomo. "Aliumia sana?"

"Mama, ni zamani."

"Wewe umejuaje?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Maalim angesema, wanasema. Mimi nikasema, "Mimi ni mtafiti, mama. Nina diploma. Na huyo mtu nimemsikia kwa masikio yangu haya."

Aliketi palepale kwenye ukingo wa jukwaa, akaweka blanketi mapajani, akalia kimya kimya. Akatueleza, mimi na kundi zima, kwamba Nestori ni kaka yake, aliondoka Mamba kijana kutafuta kazi ya reli, hakurudi na hakuna aliyeleta habari. Mama yao alikataza katakata wasimlilie mpaka mtu aje aseme kwa mdomo wake kwamba amekufa. Kwa hiyo hawakukaa matanga. Kila msimu walilima kipande chake cha mpunga, wakavuna, wakaweka pembeni. Mama yao alikufa akiwa ameacha agizo hilo hilo. Sasa mkwe wa Mama Leokadia mwenyewe, aliyekuja Mpanda kununua vipuri vya pikipiki, alipita stesheni jioni, akasikia mluzi, akarudi nao Mamba.

"Nimekuja kumchukua," alisema. "Kesho narudi na habari. Jumamosi tutakaa matanga." Halafu akaongeza, kama anajisemea, "Sikujua habari za vidole."

Wageni wangu walilia. Nesi mmoja alimkumbatia. Mwalimu mmoja alinipa mkono kwa heshima zote na kuniambia hajawahi kuona utafiti wa namna ile. Nami niliupokea mkono huo.

Kwenye chai, Bi Zuhura hakunitania, na hapo ndipo nilipojua kuna tatizo. Alikuwa amempa Mama Leokadia kitanda cha kulala. Alinifuata nikisukuma baiskeli.

"Diploma. Yule mama ameniuliza kama vile vidole vilizikwa."

Nilizidi kusukuma baiskeli.

"Ameuliza kama vilitupwa, au kuna mtu alivizika. Anasema asipojua hilo atawaambiaje watu nyumbani. Nimjibu nini?"

"Mwambie sijui."

"Hujui, au havikuwepo?"

"Bi Zuhura, usiku mwema."

Nyie mnaosoma haya mtasema, jambo dogo tu, vidole vitatu vya uongo, na yule mama tayari amepata alichokuja kutafuta. Hata mimi nilijipa hoja hiyo nikiwa kitandani, tena kwa ufasaha. Watakaa matanga, wataupumzisha moyo, mama yao atapumzika kaburini, nani ameumia? Lakini kila nikifunga macho nilimwona akiwa mbele ya ukoo wake, anaonyesha kwa mkono wake wa kushoto vilipokatwa. Vidole vile vilitoka kwenye pasi yangu. Na kama vidole ni vya uongo, kifo nacho nilikitoa wapi? Huenda Nestori alikuwa mzee mahali fulani, ana wajukuu. Watu wa Mamba walikuwa wanakwenda kumzika mtu kwa sababu mimi sikutaka kusahihishwa mbele ya manesi.

Asubuhi nilivaa lile shati jeupe nikaenda stendi. Basi la Mamba lilikuwa linapakia, konda anafunga magunia juu. Mama Leokadia alikuwa ameshakaa dirishani, blanketi mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kuniaga, ahsante."

"Nimekuja kukwambia vile vidole nilivitunga."

Konda akasema, "Mzee, kama hupandi, sogea."

"Ulivitunga," alisema Mama Leokadia.

"Mwenyewe. Nikiwa napiga pasi."

"Na koti?"

"Na koti."

"Na kandili?"

"Na kandili. Mama, sijui kama kaka yako amekufa. Sijui hata kama alifika hapa. Sijawahi kusikia mtu yeyote pale stesheni zaidi ya mlinzi."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, hata mahali pa kutazama nilishachagua, tairi la mbele. Yeye akauliza tu, "Na mluzi? Nao uliutunga?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukiri na nilitaka kumaliza. Lakini haukuwa wangu. "Mluzi ni wa marehemu baba yangu."

"Hapana. Mluzi ni wa kwetu."

Akanieleza kupitia dirishani, bila haraka, injini ikinguruma. Kwao, mpunga ukianza kukaza, watu wanashinda mashambani kufukuza ndege, na kila nyumba ina mluzi wake, ili mtu akiwa mbali ndani ya mpunga ajulikane ni wa nani na yuko wapi. Mluzi wa nyumba ile aliutengeneza babu yao. Jirani haupigi. Akiupiga ni kama amevaa nguo yako.

"Baba yako alikuwa Mpimbwe?"

"Mkonongo, mama. Wa hapa hapa."

"Basi alifundishwa. Na mluzi wa nyumba haufundishwi njiani. Unafundishwa ukikaa na mtu." Akageuka. "Konda, nishushie gunia langu."

"Mama, tunaondoka sasa hivi."

"Ondokeni. Mimi nimebaki."

Nilibeba gunia hilo begani mpaka Nsemulwa. Njiani aliniuliza ni nani kwetu aliyebaki hai anayemkumbuka baba vizuri. Nikasema ni dada yangu. Akauliza kama nilishawahi kumuuliza. Nilisema gunia ni zito, tutaongea tukifika.

Veronika alikuwa uani anachambua mchele. Nikabisha hodi. Nilibisha kwa kweli, nikasubiri kukaribishwa kwenye nyumba ninayoingiaga bila kusema kitu, naye akainua kichwa kwa mshangao.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Dada, unamjua mtu anaitwa Nestori?"

Aliendelea kuchambua. "Nesta wa chumba cha mbele? Mpimbwe aliyekuwa anafanya kazi na baba? Nitaachaje kumjua, na wewe ulikuwa unakaa begani kwake kutwa nzima." Kisha akamwona Mama Leokadia, akaona uso wake, akaweka ungo chini. "Mungu wangu. Umefanana naye."

Nilikuwa na miaka minne au mitano. Sikumbuki bega hilo. Nimejaribu mara nyingi tangu siku hiyo na bado sikumbuki.

Veronika alieleza yote, na hakuhitaji daftari. Nestori alikaa nyumbani kwetu misimu miwili. Alimfundisha baba ule mluzi, nao wakawa wanaitana hivyo kutoka upande mmoja wa stesheni mpaka mwingine. Kisha alipata homa. Alilala chumba cha mbele siku tatu, ya nne asubuhi akafariki. Baba na wenzake wa kazini wakamzika hapa Nsemulwa, kwenye makaburi ya zamani. Baba alituma habari Mpimbwe kwa mchuuzi wa samaki wakavu, na mchuuzi aliporudi alisema amefikisha.

"Hakuna aliyefika," alisema Mama Leokadia.

"Baba alisubiri ndugu zake mwaka mzima. Akasema labda wamechukia."

Halafu Mama Leokadia akauliza lile swali, kwa sauti ndogo sana, hata baada ya mimi kukiri kwa mdomo wangu.

"Dada yangu, vidole vyake vilikuwaje?"

"Vidole?" Veronika hakuelewa. "Vilikuwa vidole. Mama yetu alinipa rozari yake nimwekee Nesta mikononi, maana mimi ndiye niliyekuwa na mkono mwepesi. Nikaizungusha. Nilianzia kidole gumba nikapita vyote, vyote kumi, ili isianguke wakimbeba."

Hapo ndipo Mama Leokadia alipolia kwa sauti, na Veronika naye akalia, na majirani wakaanza kuingia uani wakiuliza msiba ni wa nani. Mimi nilikwenda kuteka maji. Palihitajika maji, na hapakuwa na kazi nyingine niliyostahili.

Mchana tulikwenda makaburini. Veronika alikumbuka upande, hakukumbuka kaburi. Palikuwa na matuta matatu yaliyokaribia kuwa bapa, mawe yamezama kwenye majani. Mama Leokadia hakutaka tubahatishe. Alisimama mbele ya yote matatu, akapiga mluzi wa kwao, akasubiri, akatandika blanketi chini akaketi. Tulikaa mpaka jua lilipopungua ukali. Hakukuwa na jambo la ajabu, na wala sitatunga. Upepo ulipita, mbuzi wakapita.

Jumamosi nilikuwa Mamba. Hilo lilikuwa sharti lake: nije niseme mbele ya ukoo, kwa mdomo wangu, kipi ni kweli na kipi nilitunga. Nimesimama mbele ya wageni wa mataifa mengi, lakini siku ile nilianza sentensi ya kwanza mara tatu. Nilipofika kwenye vidole, mzee mmoja wa Kifipa, mtani wa ukoo aliyekuja kufanya kazi ya watani msibani, akasimama.

"Kwa hiyo diploma ndiyo iliyokata vidole vya mtu?"

"Ndiyo mzee."

"Na chuo kinafundisha kukata, au ulijiongeza?"

"Nilijiongeza."

"Basi mleteni karibu na chakula, lakini msimpe kisu."

Matanga yale watu walicheka mpaka wakashika matumbo, na baadaye wakalia ipasavyo. Jumatatu waliufungua mpunga wa Nestori, wa msimu ule, wakaupika, tukaula. Veronika alipewa sehemu ya ndugu, kwa sababu ya rozari. Nami nilipewa, sikuuliza kwa sababu gani.

Niliporudi niliondoa mwanga wa ghalani na mama anayefua. Nilibaki na stesheni. Nilianza kubisha hodi kwenye nyumba za wazee, nyumba kwa nyumba, Nsemulwa mpaka Kakese, bila kalamu nyekundu, na ndani ya mwaka nilikuwa na vituo tisa vya watu waliokuwepo kweli, kila mmoja na jamaa zake ninaowaamkia kwanza. Ndiyo, kundi langu lilikuwa linachelewa. Ndiyo, wageni walipigana na mbu. Na bado nasema matembezi hayo yalikuwa bora kuliko yoyote upande huu wa reli.

Matembezi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu yalijaa watu. Veronika alikuja, Bi Zuhura alifunga duka mapema, na nyuma kabisa niliziona kandambili za bluu. Pale stesheni sikusema habari za mzuka. Nilisema kwamba hapa alifanya kazi kijana wa Mamba, Nestori, aliyekuwa na vidole kumi na mluzi mmoja, na mluzi wenyewe ulikuwa hivi. Nikaupiga.

"Baba," sauti ikatoka nyuma, mbele ya watu wote arobaini. "Sauti ya mwisho hujaishusha vizuri. Inashuka zaidi."

Kundi zima likageuka kumtazama, kisha likanigeukia mimi.

Nikapiga tena.